Ukuta wa Mikono Mingi

Msomaji kijana, kama umepata kufika Nairobi pamoja na wenzako wa shule, labda umesikia habari za Bomas of Kenya, kule Lang'ata. Mahali hapo palianzishwa na Serikali mwaka 1971, miaka minane baada ya nchi yetu kupata uhuru. Nia yake ilikuwa kuzihifadhi ngoma na ujenzi wa makabila ya Kenya. Wachezaji walikusanywa ili wazicheze ngoma za pande zote mbele ya watazamaji, na vijiji vikajengwa, kila kabila na nyumba zake. Mgeni aliweza kutoka mlangoni mwa Mkamba akaingia kwa Mjaluo, na kabla hajachoka akafika kwa Mmijikenda. Safari ambayo babu yake angeifanya kwa majuma mengi, yeye aliimaliza kwa muda wa saa moja.

Fikira ya kuonyesha nchi nzima katika kiwanja kimoja haikuanzia kwetu. Mwaka 1891 Mswidi mmoja, jina lake Artur Hazelius, alifungua mahali paitwapo Skansen katika mji wa Stockholm. Siku hizo viwanda vilikuwa vikiwavuta watu kutoka mashamba, na nyumba za zamani zilikuwa zikiachwa au kubomolewa. Hazelius alizinunua nyumba za wakulima kutoka majimbo mbalimbali, akazibomoa kwa uangalifu, akazisimamisha tena mjini ili watoto wa mjini wazione. Jirani zetu wa Tanzania nao walikuwa na haja kama hiyo walipoanzisha Makumbusho ya Kijiji katika Dar es Salaam, mwaka 1966. Nyumba ya udongo na nyasi haidumu. Isipokarabatiwa, mvua za miaka michache huirudisha ardhini. Basi watu waliona bati na saruji vikienea, wakaogopa kwamba wajukuu hawatajua babu zao walilala chini ya paa la namna gani.

Hofu hiyo ilikuwa ya haki, na waliojenga vijiji hivyo wastahili shukrani. Lakini kuna jambo moja ambalo kijiji cha maonyesho hakiwezi kulisema. Humo makabila hupangwa kama vyombo katika kabati: hiki cha hapa, kile cha pale, na njia nyembamba katikati. Mtazamaji hutoka akidhani kwamba ndivyo babu zetu walivyoishi, kila watu peke yao, wala hapana aliyeugusa ukuta wa mwenziwe. Je, ni kweli? Ili tupate jawabu, na tuiache Nairobi twende magharibi, karibu na Ziwa Victoria, tukalitazame boma ambalo halikujengwa kwa ajili ya watazamaji.

Boma hilo ni Thimlich Ohinga. Lipo katika nchi ya Kadem, wilayani Nyatike, katika kaunti ya Migori, yapata kilomita 46 kaskazini magharibi ya mji wa Migori. Mtu aweza kulifikia kutoka Migori, au kutoka upande wa Homa Bay. Jina lenyewe ni la Kijaluo. Thim ni msitu au pori. Lich ni kitu cha kutisha. Na ohinga ni boma la mawe. Twaweza kusema basi kwamba ni boma la mawe katika msitu wa kutisha.

Ukifika utaona maboma makubwa manne, nayo huitwa Kochieng, Kakuku, Koketch na Kolouch. Kochieng ndilo kuu. Kuta zake ni za mawe matupu, hayakuunganishwa kwa udongo, wala chokaa, wala saruji. Mahali pengine ukuta una kimo cha mita 1.5 tu, na mahali pengine wafika mita 4.5, na unene wake kwa kawaida ni kama mita moja. Yakadiriwa kwamba ulijengwa katika karne ya 16. Hesabu mwenyewe umri wake: ulikuwa umekwisha kusimama kwa karne tatu kabla ya reli kufika Kisumu mwaka 1901.

Ukuta usio na kitu cha kuunganisha mawe husimamaje muda wote huo? Siri yake imo katika kuujenga kwa tabaka tatu. Waashi walipanga mawe ya upande wa nje na mawe ya upande wa ndani, kila upande kwa mpango wake. Kisha nafasi ya katikati wakaijaza mawe yenye kuzishika pande zote mbili pamoja. Kila jiwe lilichaguliwa likae kati ya mengine na kuyakaza. Tabaka hili la katikati halionekani, lakini bila yake zile mbili zingeachana na kuanguka.

Malango nayo yalifanywa kwa hekima. Ni madogo na mafupi, juu yake yamelazwa mawe marefu, hata mtu hana budi kuinama ili apite. Rafiki huinama bila wasiwasi, lakini adui aliyeinamisha shingo amekwisha kujitia mikononi mwa walinzi waliokaa karibu na mlango. Ndani ya kuta mlikuwamo watu na mifugo yao, na kuta nyingine ndogo ziligawanya mahali pa ng'ombe na pa nyumba. Nyumba zenyewe zilikuwa za udongo na nyasi, nazo zimetoweka kabisa. Zimebaki alama za mviringo ardhini, mahali zilipokuwa. Pia pamepatikana dalili za kazi ya uhunzi, maana watu hawa waliyeyusha chuma na kufua majembe na silaha zao.

Wala usidhani kwamba Thimlich ni la pekee. Wachunguzi wamehesabu mahali zaidi ya mia moja penye maboma ya namna hii katika nchi za kusini ya ghuba ya Kavirondo, ambayo leo huitwa ghuba ya Winam, na kuta zilizohesabiwa zapita mia tano. Lakini mengi yamebomoka, na hili ndilo lililohifadhika kuliko yote. Serikali ililitangaza kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1981. Tena mwaka 2018, wajumbe wa UNESCO walipokutana Manama, katika nchi ya Bahrain, walilitia katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Sasa nitakusimulia jambo lililonipata mwenyewe. Miaka michache iliyopita niliwapeleka huko vijana wanaojifunza ualimu katika chuo chetu. Walikuwa wametoka pande nyingi: Wajaluo, Wakuria, Wakisii, Waluhya, na mmoja wa kutoka Mfangano aliyejiita Msuba. Tulikuwa tumekaa kivulini tukipumzika, mara nikasikia sauti zikipanda. Kijana mmoja alikuwa amepiga kifua, akisema, "Haya ni mawe yetu. Jina lake lenyewe ni la kwetu." Mwingine akamjibu kwa kicheko cha dharau, "Jina ni lenu, lakini mawe mliyakuta." Punde si punde maneno yakageuka kuwa ya mashamba, na ya kura, na ya nani ni mgeni katika kaunti ya nani. Nami, ambaye kazi yangu ni kufundisha historia, nilishindwa kupata neno la kuwatuliza. Niliona haya.

Mzee mmoja wa jirani ya pale, aliyekuwa ametutembeza, akawasikiliza mpaka wakachoka. Kisha akauliza, "Wanangu, ukuta huu una miaka mingapi?"

"Yapita mia nne, mzee," wakajibu.

"Na ukuta usio na udongo, mbuzi wakiupanda na mvua zikiupiga, hukaa miaka mia nne bila mtu kurudisha jiwe lililoanguka?"

Wakanyamaza. Mzee akasema, "Aliyeuanza ni mmoja. Walioushika usianguke ni wengi. Mimi sijui kama mtu aweza kuwatenga."

Maneno ya mzee yule yapatana na yale waliyoyaona wachunguzi wa mambo ya kale. Yaonekana kwamba walioanza kujenga hapa walikuwapo kabla ya Wajaluo kuenea katika nchi hii, na huenda walinena lugha za Kibantu. Baadaye wakaja watu wa asili ya Kiniloti kutoka kaskazini. Jamii moja ilihama, nyingine ikaingia. Na kila walioingia hawakuubomoa ukuta wa wale waliowatangulia, bali walikaa ndani yake, wakautengeneza, na wengine wakauongeza. Hivyo boma likaendelea kukaliwa na vizazi vingi, hata mwanzoni mwa karne ya 20, vita vya kunyang'anyana ng'ombe vilipopungua chini ya utawala wa Waingereza. Hapo haja ya kuta nene ikaisha, na watu wakatawanyika wakajenga miji yao kwa ua wa minyaa, kama tunavyoona hata leo katika nyumba nyingi za vijijini.

Mwisho wa kuhama kwao haukuwa mwisho wa desturi zao. Ukitaka kuisoma michoro ya Kochieng, nenda katika mji wa Mjaluo wa kale, uitwao dala. Utakuta lango moja; nyumba ya mke mkubwa ikilielekea lango hilo kutoka upande wa juu; nyumba za wake wengine zikifuata kwa daraja zao; simba, yaani nyumba za wavulana, zikiwa karibu na lango; na zizi la ng'ombe katikati. Ajuaye mpango huu hutembea ndani ya zile kuta tupu kama mtu aliyepewa ufunguo. Asiyeujua huona mawe tu.

Na tuvuke sasa maji, twende kisiwa cha Mfangano, katika kaunti ya Homa Bay, maana huko habari ni hiyo hiyo. Katika miamba ya Mawanga na Kwitone pana michoro ya kale sana ya mviringo, mwekundu na mweupe. Yasemekana kwamba iliyafanya mikono ya wawindaji wa jamii ya Watwa, ambao hawako tena huko. Baada yao wakaja Wasuba, waliovuka ziwa kwa mitumbwi kutoka upande wa Uganda. Wasuba nao wakaoana na Wajaluo, hata leo wengi wao hunena Kijaluo, na lugha yao ya asili imebaki vinywani mwa wachache. Hata hivyo michoro ya wale wa kwanza haikufutwa. Waliokuja baadaye waliiheshimu na kupafanya mahali pale kuwa pa maombi ya mvua. Wakazi wenyewe wameanzisha kisiwani nyumba ya makumbusho, iitwayo Abasuba Community Peace Museum, ili kuzitunza habari hizi. Tafakari jina hilo: makumbusho ya amani.

Huenda ukauliza, "Mwalimu, yanihusu nini mimi habari ya mawe?" Yakuhusu kwa sababu mabishano ya wale vijana hayakuwa ya mawe. Katika nchi yetu damu imekwisha kumwagika kwa swali la nani alitangulia na nani ni mgeni. Kumbuka yaliyotokea baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Mtu afundishwaye kwamba babu zake waliishi peke yao katika kibanda chao, kama kijiji cha maonyesho, ni rahisi kuambiwa kwamba jirani yake amevamia. Lakini mtu aliyejifunza habari za Thimlich ataitikia kwa uangalifu zaidi, kwa kuwa amejua kwamba hata ukuta anaojivunia ulianzwa na mkono asioujua.

Hata Bomas pale Nairobi palitupa fundisho la namna hii, ijapokuwa si lile lililokusudiwa na wajenzi wake. Miaka 2003 na 2004, wajumbe wa pande zote za nchi walikutana pale pale penye ngoma na vijiji vile, wakajadili katiba mpya. Walishindana sana, na rasimu iliyoletwa mbele ya wananchi mwaka 2005 ilikataliwa. Lakini kazi haikupotea. Katiba ilipopatikana mwaka 2010, ndiyo iliyozaa kaunti 47, Migori na Homa Bay zikiwamo. Mahali palipojengwa ili makabila yatazamwe kila moja peke yake palipata kazi kubwa kuliko zote siku watu wa makabila yote walipokaa chini ya paa moja.

Husemwa kwamba mwacha asili ni mtumwa. Neno hilo ni la kweli, nami sitaki uiache asili yako. Lakini nakuomba uitafute yote, usichague nusu. Likizo ijayo, kaa na nyanya yako. Mwulize nyumba aliyozaliwa ilikuwa ya namna gani, nani aliiezeka, na kila chombo kiliitwaje. Kisha mwulize mama yake alitoka kwa watu gani, na mama wa mama yake vilevile. Andika ayasemayo kabla hajayachukua kaburini. Ni wachache watakaorudi shuleni wakiwa na jina la kabila moja tu katika daftari.

Na siku utakapofika Thimlich, inama mlangoni kama ilivyo desturi, uzitazame kuta kwa macho yako mwenyewe. Usiondoe jiwe hata dogo liwe kumbukumbu ya safari yako, maana hujui ni jiwe gani limeyashika mengine.