Mafunzo ya wahudumu wa afya kuhusu ulevi na uraibu, Kibwezi

Kibwezi ni mji wa kaunti ya Makueni, nchini Kenya, kando ya barabara kuu ya Nairobi–Mombasa. Ni nchi ya asali, na kwa Wakamba, wenyeji wa eneo hili, asali hutengenezewa pombe pia. Shirika la afya la AMREF lilianza kufunza wahudumu wa afya wa vijijini hapa mwishoni mwa miaka ya 1970; uraibu ulikuja kushughulikiwa baadaye sana. Katika Makueni, wakfu wa afya ya akili ulioongozwa na Profesa David Ndetei uliwafunza wauguzi na maafisa wa kliniki kwa mhGAP, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu magonjwa ya akili na uraibu, uliotolewa mwaka 2010. Waganga wa kienyeji na wahubiri nao walishirikishwa, jambo la busara, kwani mara nyingi mgonjwa huanzia kwao.

Katika mafunzo haya, mhudumu hujifunza kuuliza kuhusu unywaji bila kukemea. Hojaji ya AUDIT, ya kupima unywaji wa pombe, ina maswali 10. Alama 8 na zaidi huashiria unywaji wa hatari, ambao mazungumzo mafupi huweza kuupunguza. Mraibu wa pombe akiiacha ghafla anaweza kupatwa na degedege, hivyo zahanati huhitaji diazepamu; vitamini B1 nayo huhitajika.