Kuhamia Toleo

Kwenye simu neno limeshakubalika: sasisha. Mtu anabonyeza, simu inajizima, inawaka, shughuli zinaendelea. Ni neno lenye asili safi, "sasa" iliyonyambuliwa ikawa kitenzi cha kukifanya kitu kiwe cha sasa, na watu wamelipokea bila kusukumwa. Tatizo linaanza neno hilohilo linapoingizwa kwenye chumba cha seva.

Huko kuna kazi mbili zenye uzito tofauti kabisa. Ipo kazi ya viraka: toleo la mfumo endeshi linabaki lilelile, ila vifurushi vyake vinazibwa matundu ya usalama. Na ipo kazi ya kuliacha toleo zima na kwenda jingine, tuseme kutoka Debian 11 kwenda Debian 12. Lugha ya PHP inatoka 7.4 inakuwa 8.2, hifadhidata ya PostgreSQL inatoka 13 inakuwa 15, na hata jina la kadi ya mtandao linaweza kuamka limebadilika, seva ikawa inawaka lakini haifikiki. Kazi ya kwanza fundi anaifanya huku akinywa chai. Ya pili anaiombea ruhusa, anaitangaza kwa watumiaji, anachukua nakala rudufu, kisha anakesha nayo. Ukimwambia mkuu wa idara kwamba usiku wa leo "tunasasisha seva", umemwambia jambo dogo. Asubuhi akikuta mfumo wa mishahara haufunguki, atakuwa na haki ya kuuliza kwa nini hakuambiwa ukubwa wake.

Mafundi wenyewe hawajasubiri kamusi. Wanasema kuapdeti na kuapgredi, na wanaelewana. Lakini wanaelewana kwa sababu kila mmoja tayari anaijua tofauti; anayejifunza leo hapati chochote ndani ya maneno hayo. Tena huko yalikotoka hayajatulia. Kwenye Debian na Ubuntu, amri ya apt update haigusi programu hata moja. Inakwenda kwenye ghala, inasoma kuna vifurushi gani, inarudi na orodha. Inayobadilisha programu ni apt upgrade, nayo haikubali kuondoa kifurushi chochote kilichopo. Ukitaka kuvuka toleo unamalizia na apt full-upgrade. Yaani amri mbili zenye neno moja ndani yake zinafanya kazi mbili zisizolingana, na wanaoanza huchanganyikiwa hapo mwaka hadi mwaka.

Sisi tunaweza kusema vizuri zaidi. Hiyo ya kwanza ni kusasisha orodha, na hapo sasisha inakaa mahali pake hasa, maana orodha ndiyo inayofanywa iwe ya sasa. Ya pili ni kuweka vifurushi vipya, au kupiga viraka. (Tanzania neno vifurushi limeshachukuliwa na kampuni za simu, na ukilitaja mtu anafikiria dakika na megabaiti. Muktadha unatosha kutenganisha.) Hii ya tatu, kubwa, ndiyo inayotafuta jina.

Wengi hukimbilia boresha. Ninalikataa neno hili hapa, pamoja na uzuri wake wote. Kuboresha ni kufanya kitu kiwe bora, kwa hiyo hukumu imeshatolewa ndani ya kitenzi kabla kazi haijaanza. Mwenye tovuti ya zamani iliyoandikwa kwa PHP ya 7 anajua. Kazi za lugha kama each na create_function ziliondolewa PHP ilipofika 8, basi baada ya "kuboreshwa" tovuti yake inatoa ukurasa mweupe usio na neno hata moja. Mfumo endeshi ni mpya, una viraka, unatunzwa. Yeye hana tovuti. Toleo jipya huenda likawa bora, lakini hilo ni la kusema mwezi ukiisha.

Kupandisha nalo lina wafuasi: kupandisha toleo, kupandisha daraja. Namba kweli inapanda, 11 ikawa 12. Lakini mpanda ngazi hushuka, na Debian haina njia inayokubalika ya kushusha toleo. Ukishavuka, unarudi kwa kurejesha nakala rudufu, yaani kuifuta seva iliyopo na kuiweka ile ya jana mahali pake. Neno linaloahidi ngazi pasipo na ngazi linaweza kumtuma kijana kujaribu saa nane usiku akiamini kwamba mambo yakiharibika atashuka tu.

Ninapendekeza kuhamia. Seva inahamia toleo la 12. Wanaoifanya kazi hii wataona jinsi neno linavyofuata mikono yao. Kuvuka kunaanza kwa kufungua faili la sources.list, kulitoa jina bullseye na kuandika bookworm mahali pake. Ndiyo majina ya Debian 11 na 12, yaliyotoka kwa wahusika wa filamu za Toy Story kama majina yote ya matoleo yao. Kabla ya amri yoyote kubwa, fundi ameandika anakokwenda. Kiswahili kinayo herufi ya kubeba hilo, ile -i- inayogeuza hama kuwa hamia, kuondoka kukawa kuondoka kwenda mahali. Na anayehama nyumba haambiwi kwamba maisha yake yameboreshwa. Anaulizwa amebeba nini, ameacha nini, na wanaomtafuta watampata wapi.

Kuulizwa huko hutokea kwenye skrini kabisa. Vifurushi vinashuka, mistari inapita, halafu ghafla kila kitu kinasimama. Faili la mipangilio la Apache, inasema mashine, limebadilishwa na wewe au na skripti tangu liwekwe, na mtunza kifurushi ameleta lake jipya. Bonyeza Y kuchukua jipya, N kubaki na lako, D kuona tofauti, Z kutoka kidogo ukachunguze. Ukibonyeza tu kitufe cha kuingiza, linabaki lako. Ukichukua jipya, la kwako haliharibiwi. Linawekwa pembeni likiwa na mkia wa dpkg-old. Ukibaki na lako, lile jipya linawekwa pembeni kwa mkia wa dpkg-dist. Wengi wanaofika hapa usiku hubonyeza bila kusoma D, kwa uchovu tu, na ndipo unapozaliwa usemi unaosikika kila ofisi, "seva imegoma". Seva haijagoma. Imebeba mpangilio wa zamani kwenda mahali ambapo programu haiutambui tena.

PostgreSQL inaonyesha jambo hili kwa namna nyingine. Baada ya kuhamia Debian 12 ile ya 13 inabaki inafanya kazi kwenye mlango wake wa 5432, na ya 15 inafunguliwa kando yake kwenye 5433, tupu. Data haijahama. Fundi lazima aihamishe mwenyewe kwa amri ya pg_upgradecluster. Seva imehamia, data haijahamishiwa: ni mzizi mmoja, lakini unyambulishaji umetenga kilichofanyika na kilichobaki.

Nimesikia pingamizi kwamba kuhama tayari ni neno la kubeba data kutoka mashine hadi mashine. Ni kweli, na ndiyo faida yenyewe. Huko tunasema kuhamisha seva, kuhamishia data kwenye wingu, kinachobebwa kinatajwa. Kuhamia toleo ni kwa mfumo unaobadilika ukiwa pale ulipo. Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la nomino, kwa sababu uhamiaji umeshika pasipoti na mipaka. Basi tuache nomino hiyo. "Kuhamia toleo" inatosha kuwa kichwa cha tangazo: Kuhamia Toleo la 12, Jumamosi, saa sita usiku.

Kuna kauli moja ya kitenzi hiki ambayo ilikuja kuhitajika kwa uchungu. CentOS 8, mfumo endeshi mwingine wa seva, ilikuwa imeahidiwa matunzo hadi 2029, na watu wakajenga juu ya ahadi hiyo. Mnamo Desemba 2020 Red Hat, kampuni iliyokuwa ikiufadhili, ilitangaza kwamba matunzo hayo yatakoma mwisho wa 2021. Waliokuwa wametulia wakajikuta wana mwaka mmoja, wengine wakaenda AlmaLinux, wengine Rocky Linux, miradi iliyozaliwa kutokana na tangazo lile. Walisoma matangazo kwamba hii ni fursa ya kuboresha. Neno lao sahihi lilikuwa kuhamishwa, na kauli ile ya kutendwa inasema waziwazi kwamba uamuzi ulitoka kwingine.

Tofauti hiyo ina kazi kwenye taarifa za ofisi. Mhasibu anayeombwa fedha za kazi ya usiku, mashine ya majaribio na diski ya nakala rudufu ana haki ya kujua kama idara imeamua kuhamia au imehamishwa, kwa sababu ya kwanza ingeweza kungoja mwaka ujao wa fedha. Watumiaji wa Ubuntu wanaijua nafasi ya kungoja: toleo lao la matunzo marefu hutoka Aprili kila baada ya miaka miwili, lakini seva iliyo kwenye toleo refu lililotangulia haialikwi kuvuka hadi litoke lile lenye .1 mwishoni, miezi michache baadaye, wa mbele wakiwa wameshajikwaa na kurekebisha. Hata hapo, anayevuka kwa mbali kwa njia ya ssh hufunguliwa mlango wa pili, 1022, ili wa kawaida ukifungika katikati ya kazi apate pa kuingilia, mradi ameukumbuka kwenye ukuta wa moto. Namba hiyo nayo ni ya kuandikwa kwenye tangazo la Jumamosi, chini ya saa.