Kabla ya Kuongeza Betri: Kisa cha Loda ya Peintiboli

Wiki jana binamu yangu alinishikisha loda kuukuu ya peintiboli aliyoitoa Marekani. Plastiki imekwaruzika lakini mota bado inazunguka. Akaniuliza, "Bro, si tunaweza kuiongezea betri imwage risasi kama mvua?" Nikamwambia angoje kwanza. Nilikaa nayo siku mbili nikisoma ilikotoka, na sasa jibu ninalo. Ni refu kidogo, kwa hivyo vuta kiti.

Kwa wale hawajawahi kucheza: loda ni kile kikopo kinachokaa juu ya bunduki ya rangi na kubeba karibu vidonge 200. Kila kidonge ni ngozi nyembamba ya jelatini iliyojaa rangi, upana wake inchi 0.68, yaani kama milimita 17. Kama umewahi kutumwa kusaga mahindi, kazi yake ushaielewa. Unamwaga juu, yanateremka yenyewe hadi kwenye mawe. Na shida ni ileile: yakibanana mdomoni, mwenye mashine anachukua kijiti anagonga.

Mwanzoni hakukuwa na loda hata. Bunduki ya kwanza kujulikana, Nelspot 007, ilitengenezwa na Daisy kwa ajili ya kampuni ya rangi ya Nelson. Haikuwa ya mchezo. Ilikuwa ya watu wa misitu na wafugaji, wa kuwekea alama miti na ng'ombe. Vidonge vilikaa kwenye kibomba kidogo, na kila ukipiga ulilazimika kuinamisha bunduki ili kingine kiviringike mahali pake, halafu ukoki tena kwa mkono.

Tarehe 27 Juni 1981, wanaume 12 walienda nazo msituni huko Henniker, New Hampshire, kucheza mchezo wa kutafuta bendera. Walitaka kumaliza ubishi: nani angeishi vizuri porini, mtu wa mjini au mtu wa kijijini? Aliyeshinda ni Ritchie White, mkata miti. Alikusanya bendera zake bila kumpiga mtu risasi hata moja. Shika hapo, tutarudi.

Watu ni watu, walitaka kupiga haraka. Kufikia miaka ya 1990 bunduki za kujikoki zenyewe zilikuwa zimeingia, na mwishoni mwa muongo huo zikaja za elektroniki, kama Angel ya kampuni ya Uingereza, WDP. Kidole kikawa kinagusa swichi nyepesi tu. Sasa tatizo likahamia juu, kwenye loda.

Hebu tupige hesabu, ni fizikia ya sekondari tu. Kidonge kilichotulia kikianza kuanguka, kinahitaji karibu sekunde 0.06 kushuka milimita 17. Maana yake, hata kama bunduki yenyewe haingechukua muda wowote, uzito peke yake haungekupa zaidi ya vidonge 17 hivi kwa sekunde. Na bunduki inachukua muda, na vidonge vinabanana. Kwa hivyo uwanjani ulipata pungufu ya hapo, tena pungufu sana. Ukipiga kabla kidonge hakijakaa sawa, bolti inakikata katikati na mtutu unajaa rangi. Risasi zinaanza kwenda kushoto na kulia, na wewe umebaki kama mti.

Hapo ndipo Viewloader Revolution ilipata jina. Ilikuwa na mota, pangaboi ndogo ndani, na jicho la infraredi shingoni. Jicho likiona shimo, pangaboi inazunguka kukoroga vidonge. Kumbuka kwamba haikusukuma kitu. Ni kile kijiti cha mwenye mashine, sasa kina betri.

Na hapa ndipo mafundi wa nyumbani walipoingia, watu kama binamu yangu. Wengine waliongeza volti ili mota ikimbie. Wengine wakabadilisha bodi ya saketi au pangaboi yenyewe. Nisiwadharau, walikuwa na sababu. Loda ya polepole juu ya bunduki ya haraka inakata vidonge siku nzima, na ulilipia pesa kuja kucheza, si kupangusa mtutu. Pia walisukuma tekinolojia mbele. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Odyssey walileta HALO, iliyotumia springi kubana safu ya vidonge na kuvisukuma chini. Watengenezaji walitangaza zaidi ya 20 kwa sekunde. Uzito wa kidonge ukaacha kuwa kikomo.

Lakini kila mtu alipofungua koo la mashine, jambo lingine lilibana. Mota iliyopewa volti nyingi inapata joto na kula gia zake, na betri inaisha katikati ya mchezo. Pangaboi ya kasi inapasua vidonge, loda inageuka sufuria ya uji wa rangi, na rangi ikifunika lile jicho, loda inakuwa kipofu. Springi iliyokazwa kupita kiasi inabonyeza vidonge kwenye shingo, na jelatini hunyonya unyevu hewani, kwa hivyo vilivyopita vizuri asubuhi vinaweza kukwama mchana.

Halafu kuna mfuko. Loda ya vidonge 200 kwa kasi ya 10 inakaa sekunde 20. Kwa kasi ya 20, sekunde 10 imeisha. Katoni ya kawaida ina vidonge 2,000. Fanya hesabu mwenyewe kabla hujaniambia hiyo ni raha.

Na kuna mwili wa mtu, jambo ambalo kwangu ndilo kubwa. Loda haiongezi mwendo wa kidonge kimoja. Viwanja vingi vinaweka kikomo cha futi 300 kwa sekunde, kama mita 91, na hicho kinapimwa kwenye bunduki. Loda inaongeza idadi. Binadamu anahitaji karibu robo sekunde kuitikia jambo. Kwa kasi ya 20, kabla hujang'amua umepigwa, nyingine nne au tano zishakufikia. Na ukichukua sekunde nzima kuinua mkono useme umetoka? Mchezaji mpya akipigwa hivyo mara moja, barakoa ikiwa imemlinda macho na alama zimejaa mgongoni, hatarudi. Nisingemlaumu.

Mchezo wenyewe uliliona hilo. Ligi ya Marekani ya PSP ilikuwa na kikomo cha risasi 15 kwa sekunde. Baadaye kikashushwa hadi 12.5, kisha karibu 10, na NXL iliyofuata imebaki hapo karibu na 10. Sasa angalia kioja: wakati sheria inashuka, kulikuwa na loda kama Dye Rotor zikitangazwa kwa zaidi ya 50 kwa sekunde! Nani alihitaji 50? Hakuna. Ukichunguza kwa nini watu waliipenda, utakuta pia inafunguka bila bisibisi, unaipangusa unaendelea. Siku hizi NXL ina hata mashindano ya bunduki za mekanika, zisizo na betri kabisa.

Kwa maoni yangu, historia ya loda imetenganisha marekebisho ya aina mbili. Yale yaliyofanya kila kidonge kifike kizima yamebaki, na leo yamo ndani ya loda yenyewe ukinunua. Yale ya kasi tupu yalipitwa, kwa sababu waliocheza pamoja walikubaliana kupunguza mwendo ili mchezo uendelee kuwa na watu.

Kwa hivyo binamu, jibu langu ni hapana, volti hatuongezi. Tutaitoa loda kwenye bunduki na kuondoa gesi kabla ya kugusa chochote. Tutaweka betri mpya za volti ileile iliyoandikwa, tutasafisha jicho kwa kitambaa laini, na tutatafuta kifuniko kile cha vidole vya mpira ili ujaze bila kufungua. Hayo ni marekebisho pia, na refa hatakufukuza.

Halafu kabla ya Jumamosi, mfikirie yule mkata miti wa Henniker. Bunduki yake ilihitaji kuinamishwa kwa kila kidonge, na hakuhitaji hata kimoja. Wewe una 200 juu ya kichwa cha bunduki na bado unalia ni chache?