Maelezo ya Zana na Wasomaji Wake

Kompyuta ya EDSAC, iliyoundwa katika Maabara ya Hisabati ya Chuo Kikuu cha Cambridge huko Uingereza, iliendesha programu yake ya kwanza tarehe 6 Mei 1949, na haukupita muda mrefu kabla ya mkuu wa maabara hiyo, Maurice Wilkes, akiwa ngazini katika mojawapo ya safari zake baina ya chumba cha kompyuta na mahali pa kutobolea tepe, kutambua kwamba sehemu kubwa ya umri wake uliosalia ingeishia katika kutafuta makosa ya programu alizoziandika yeye mwenyewe. Wala hakutia chumvi: utepe mmoja wa karatasi wa siku hizo, alioutunga yeye, ukasalimika na kuchunguzwa miaka mingi baadaye, ulikutwa na makosa yapata 20 katika amri 126 tu.

Dawa waliyoitafuta yeye na wenzake, David Wheeler na Stanley Gill, ilikuwa kumpunguzia mtu kazi ya kuandika upya kile kilichokwisha kuandikwa na kuthibitishwa. Wakaanzisha maktaba ya programu ndogo ndogo zilizopangwa kwa herufi, D kwa ajili ya kugawanya, L kwa ajili ya logi, na C kwa ajili ya ukaguzi, yaani zile zilizofuatilia mwenendo wa programu iliyoharibika ili ijulikane imepotokea wapi. Kitabu walichokitoa mwaka 1951 kiliziambatanisha programu hizo na maelezo mafupi, ambayo hayakuwa sifa hata kidogo. Yalisema kazi inayofanywa, ukubwa wa nafasi itakayokaliwa katika hafidhi ya mashine, muda utakaotumika, na, jambo ambalo mgeni angelidhani ni dogo, nafasi ambazo programu ingezitumia kwa shughuli zake za muda na hivyo kufuta chochote kilichokuwamo. Kwa maana mtu aliyeiweka hesabu yake mahali hapo angeliipoteza pasipo ishara yoyote, kisha angelishinda kutwa akizilaumu amri zake mwenyewe ambazo hazikuwa na taksiri.

Desturi hiyo ilipata umbo lake mashuhuri nchini Marekani, katika maabara za Bell zilizoko Murray Hill, New Jersey, ambako Ken Thompson na Dennis Ritchie walitoa kitabu cha kwanza cha mwongozo wa mfumo wao wa kuendeshea kompyuta, Unix, tarehe 3 Novemba 1971. Kila amri ilipewa ukurasa wake, ikiwamo db, zana ya kusakia makosa, na kurasa zote zilifuata utaratibu mmoja: jina, namna ya kuiandika amri, maelezo, mafaili yanayohusika, ujumbe wa hitilafu, na sehemu ya kutaja kasoro za amri yenyewe. Sehemu hii naihesabu kuwa tendo la insafu lililo nadra katika biashara yoyote, kana kwamba mtengeneza dawa ameandika juu ya chupa, kwa wino ule ule wa jina lake, maradhi ambayo dawa hiyo haiponyi. Douglas McIlroy, mkuu wa idara yao na mhariri wa mwongozo huo, alisimulia kwamba kuandika kasoro kulitia haya, na aghalabu mtu aliona heri airekebishe programu kuliko kuiungama aibu yake kwa maandishi.

Kurasa zile zilikuwa fupi mno, lakini ufupi wao ulistahimilika kwa sababu msomaji wa awali alikuwa jirani wa mwandishi, na lililomshinda aliweza kwenda kuliuliza.

Msomaji wa leo hana jirani. Tangu Juni 2023, kampuni ya OpenAI ilipowawezesha watunga programu kuipa modeli ya lugha orodha ya kazi inazoweza kuziita, na zaidi tangu Novemba 2024, kampuni ya Anthropic ilipotangaza itifaki iitwayo Model Context Protocol, zana hutambulishwa kwa jina, maelezo ya maneno ya kawaida, na muundo wa vitu inavyopaswa kupewa. Na wakala wa akili mnemba anayetumwa kusaka hitilafu huchagua zana kwa kuyasoma maneno hayo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, waliounda SWE-agent mwaka 2024, walibaini kwamba wakala wao alifanya kazi vema zaidi alipoonyeshwa mistari 100 ya faili kwa mara moja kuliko alipoonyeshwa 30 au faili zima. Tena walimwekea ujumbe wa kumjulisha kuwa amri imefaulu bila kutoa jibu lolote, maana kimya, ambacho kwa mtu wa Unix kilikuwa dalili ya salama, kwa wakala kingekuwa fumbo.

Nionavyo mimi, maelezo mengi yanayoandikwa sasa ni dhaifu kuliko yale ya 1951. Mtu huandika kwamba zana "hutafuta katika mafaili", akanyamaza. Hasemi kama mafaili yaliyofichwa nayo hutafutwa, kama matokeo hukatwa yakizidi kiasi fulani, wala kama jibu tupu lamaanisha kwamba neno halimo au kwamba njia iliyotajwa haipo, na wakala, asipoyajua hayo, hutoka akiwa na yakini kwamba kosa halimo katika faili ambalo halikufunguliwa kamwe.

Mwezi Machi 2025 itifaki ile iliongezewa alama za hiari za kubainisha kama zana husoma tu au yaweza kuharibu kitu, jambo ambalo Wheeler na Gill wangelitambua mara moja. Ila masharti yenyewe yanaagiza kwamba alama hizo zisiaminiwe isipokuwa zinapotoka kwa seva, yaani programu inayozitoa zana hizo, inayoaminika.