Lagotto: Mbwa wa Vinamasi Aliyehamia Msituni

Mwaka 1922, wakati kinamasi cha Valle Trebba kilipokuwa kikikaushwa karibu na Comacchio, kaskazini-mashariki mwa Italia, makaburi yalifumuka chini ya tope. Yalikuwa ya Spina, mji wa bandari wa Waetruski uliopotea kwa zaidi ya miaka 2,000. Wapenzi wa mbwa wa Lagotto Romagnolo hupenda kuanzia hapo. Katika michoro iliyotoka makaburini, wanasema, wanamwona mbwa wa manyoya ya kipilipili anayefanana na Lagotto wao. Kisha wanakupeleka Mantova, kwenye chumba ambacho Andrea Mantegna alimaliza kukichora mwaka 1474, wakuonyeshe mbwa mwingine wa aina hiyohiyo. Ni ushahidi mtamu masikioni, lakini hausimami. Manyoya ya kujisokota yametapakaa Ulaya nzima: kuna barbet wa Ufaransa, mbwa wa maji wa Ureno, spanieli wa maji wa Ireland, na poodle ambaye kila mtu anamjua. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba tofauti nyingi za manyoya ya mbwa hutokana na jeni tatu tu, na mojawapo, KRT71, ndiyo inayohusika na kujisokota. Sifa inayopatikana kwa njia nyepesi kiasi hicho haiwezi kuwa kitambulisho cha ukoo. Kinachonivutia katika habari ya Spina ni kitu kingine kabisa: kazi ileile ya kukausha maji iliyoyafichua makaburi ndiyo iliyomfanya Lagotto awe mbwa tunayemjua leo.

Kabla ya hapo, nyanda kati ya Ravenna na Comacchio zilikuwa maji na matete. Watu waliishi kwa mikunga, kwa chumvi, na kwa ndege wa majini, hasa kukuziwa, ndege mweusi mwenye kipaji cheupe. Mwindaji alikaa ndani ya mtumbwi wa tako bapa, akapiga, ndege akaanguka katikati ya matete ambako mtu hawezi kukanyaga. Hapo mbwa alijitosa, wakati wa baridi akipasua hata utando wa barafu, akamwokota ndege na kumrudisha mkononi. Aliweza kushinda majini saa nyingi kwa sababu ya manyoya yake ya tabaka mbili: la nje gumu kiasi, lisilopitisha maji kwa urahisi, na la ndani laini linaloshika joto. Usiku alilinda mtumbwi na nyumba. Hakuwa mbwa wa makasri. Alikuwa mbwa wa mtu anayehesabu ndege wake kabla ya kwenda sokoni.

Maji yalianza kuondoka kwa nguvu mwishoni mwa karne ya 19. Sheria ya mwaka 1882 iliyoifanya kazi ya kukausha vinamasi kuwa shughuli ya dola ilibeba jina la Alfredo Baccarini, waziri aliyezaliwa Russi, mwendo mfupi kutoka Ravenna. Mwaka uliofuata vibarua wasio na ardhi wa Ravenna, wakiongozwa na Nullo Baldini, waliunda ushirika wao ili wapate zabuni za kuchimba mifereji. Walisifika sana kwa koleo zao hata mwaka 1884 wakaenda kukausha vinamasi vya Ostia, karibu na Roma. Kazi hiyo iliendelea kwa vipindi hadi katikati ya karne ya 20, na mashamba ya nafaka yakachukua nafasi ya matete. Ndege walipungua. Mbwa wa kuokota ndege, kwa hesabu ya kawaida ya kijijini, alikuwa mdomo wa kulishwa bure.

Hakutoweka kwa sababu alipata kazi nyingine, na hii ndiyo hoja yangu: kazi hiyo mpya haikumhifadhi mbwa wa zamani, ilimuumba upya. Katika vilima vya Romagna, eneo la Ravenna, na milima ya Apenini huota trufeli, uyoga wa bei kubwa unaokomaa chini ya ardhi kwenye mizizi ya mialoni, mipopla na mihazeli. Jicho haliuoni, pua ndiyo hupeleleza. Nguruwe anaweza kuunusa, ila ana tamaa ya kuula, na akishaanza kufukua ni shida kumzuia. Mizizi nayo huumia. Mbwa hana hamu kubwa na uyoga, anataka tuzo. Sheria ya Italia ya mwaka 1985 ilimaliza mjadala: trufeli itafutwe kwa mbwa aliyefunzwa, ichimbwe kwa kijikoleo maalumu, na shimo lifukiwe. Mbwa aliyezoea kufanya kazi karibu na bwana wake, kusubiri, na kukabidhi alichokipata alikuwa tayari amevuka nusu ya njia. Nusu iliyobaki ilikuwa ngumu zaidi. Mbwa wa mawindo anayekutana na harufu ya sungura usiku wa kutafuta trufeli huiacha kazi na kukimbia. Ilibidi hamu ya kuwinda ifinyangwe, na maelezo rasmi ya aina hii yanakiri kwamba silika hiyo imebadilishwa ili harufu ya mnyama isimpoteze. Mbwa wa ndege asiyejali windo: kama huo si uumbaji mpya, sijui tuuite nini.

Mtu anaweza kupinga kwa kusema kwamba wachimba trufeli hawakujali ukoo hata kidogo. Ni kweli. Walichanganya mbwa wao na aina nyingine kadiri walivyoona faida, na hadi leo koko aliyefunzwa vizuri anajaza kikapu. Kufikia miaka ya 1970 Lagotto halisi walikuwa wachache mno, ndipo kikundi cha Waromagna, akiwamo Quintino Toschi na jaji wa mashindano Antonio Morsiani, kikaanza kuwakusanya na kuwazalisha kwa mpango. Klabu yao ilizaliwa Imola mwaka 1988, na shirikisho la kimataifa la FCI likaitambua aina hiyo kwa muda mwaka 1995 na moja kwa moja mwaka 2005. Je, si hao waliomwokoa? Walimwokoa, lakini kutoka mikononi mwa nani? Wangekuta nini vilimani kama wakulima wasingekuwa wamemlisha miaka yote hiyo kwa ajili ya pua yake? Na uokoaji wenyewe, ulioanza na mbwa wachache mno, ulikuwa na gharama. Mwaka 2011 watafiti wa Helsinki walitambua hitilafu ya jeni LGI2 inayowapa baadhi ya watoto wa Lagotto kifafa wakiwa na wiki tano hadi tisa. Kwa kawaida huisha kabla hawajatimiza miezi minne. Kipimo cha vinasaba kipo, na anayenunua mtoto ana haki ya kuuliza majibu ya wazazi wote wawili.

Wengine husema manyoya yale hayana maana tena msituni. Yana maana, maana miiba ya vichakani haina huruma kuliko barafu. Tatizo ni nyumbani. Manyoya haya hayapukutiki sana. Yanayokufa hubaki yamenaswa ndani ya yaliyo hai, na yasiposhughulikiwa husongana hadi ngozi ikose hewa. Hivyo Lagotto hunyolewa mwili mzima walau mara moja kwa mwaka, kama kondoo, na katikati ya hapo huchambuliwa kwa kitana, hasa nyuma ya masikio na kwapani. Masikio yenyewe huota nywele ndani, akishaoga yakaushwe. Wauzaji wanaodai kwamba mbwa asiyepukutisha manyoya hasababishi mzio wanapotosha, kwa kuwa viini vya mzio vimo pia kwenye mate na mba. Na anayemfuga mjini, mbali na mialoni, asishangae kukuta bustani imejaa mashimo. Mbwa huyu wa kilo 11 hadi 16 amechaguliwa vizazi na vizazi kwa kufukua. Kumkemea hakusaidii sana. Sanduku la mchanga lenye vitu vya harufu vilivyofukiwa, vinavyobadilishwa mahali kila siku, humchosha vizuri zaidi kuliko matembezi ya kamba.