Fundo Lililoshinda Mshono

Nailoni ilibuniwa na Wallace Carothers na wenzake katika kampuni ya DuPont mwaka 1935, ikaenda katika Vita vya Pili vya Dunia kabla ya kufika miambani. Baada ya vita, mikanda ya ziada ya jeshi la Marekani iliwafikia wapanda miamba, wakaifunga wenyewe kwa mkono. Fundo lao ni hili: ncha ya pili hufuata njia ya ncha ya kwanza kinyumenyume, zote zikilala bapa, na mikia huachwa angalau sentimita 8, maana fundo hujilegeza polepole likibebeshwa uzito na kuachiwa. Ni kasoro ya hatari kweli, na mikanda iliyoshonwa kiwandani haina kasoro hiyo. Lakini mshono hauwezi kufunguliwa na kufungwa upya. Ukanda wa fundo hupenyezwa kwenye tundu la mwamba, ukafungwa hapo hapo.