Mwenye Uwezo na Asiye Nao: Mapokezi ya Taarifa za Utelekezaji wa Watoto Tanzania

Neno utelekezaji limebeba mizigo miwili. Katika mitaa yetu, anayesemwa kwamba ametelekeza mtoto aghalabu ni baba aliyehama nyumba akaacha kutoa matunzo, na mama ndiye anayekwenda kumshitaki ofisi ya ustawi wa jamii. Lakini mtoto akionekana akizurura saa za masomo, au akifungiwa ndani mchana kutwa, majirani hulitumia neno hilohilo dhidi ya mama aliyetoka alfajiri kwenda kufua nguo za watu. Baba anacho na hatoi. Mama hana cha kutoa. Makala haya yanadai kwamba mapokezi ya taarifa hizi hayatawalinda watoto ipasavyo mpaka hali hizi mbili zitenganishwe tangu taarifa inapopokewa.

Sheria ya Mtoto, kama ilivyotungwa mwaka 2009, ina mbegu ya utenganisho huo. Kifungu cha 95 kinahusu taarifa ambazo mwanajamii huzipeleka kwa mamlaka ya serikali za mitaa pale mzazi, mlezi au ndugu mwenye uwezo anapokataa au kupuuza kumpa mtoto mahitaji kama chakula, malazi, matibabu na elimu. Sharti la uwezo si pambo la lugha, kwani asiyekuwa nacho hawezi kusemwa kwamba amekataa kutoa. Hata hivyo, kifungu cha 16, kinachoeleza ni mtoto yupi anahitaji matunzo na ulinzi, kinamweka mtoto aliyepuuzwa au kuteswa katika orodha moja na mtoto fukara na mtoto ombaomba. Kwa lengo la kumfikia mtoto, orodha hiyo haina dosari, maana njaa ni ileile hata chanzo chake kiwe tofauti. Tatizo huanza pale orodha ya wanaohitaji msaada inaposomwa kama orodha ya makosa ya wazazi.

Usomaji huo huchochewa na nyenzo aliyonayo afisa ustawi wa jamii. Chini ya kifungu cha 95, humwita anayelalamikiwa wazungumze, na akikaidi uamuzi, shauri hupelekwa mahakamani. Wito unamfaa baba anayekwepa, kwa kuwa kinachotakiwa kwake ni utii. Kwa mama asiye na kipato, wito huohuo humpotezea siku ya kibarua, humwaibisha mtaani, na humfanya aione ofisi ya ustawi kama tawi la polisi. Siku nyingine, badala ya kwenda kuomba msaada, atajificha, na mtoto atafichika pamoja naye.

Mwaka huohuo wa 2009, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipokea Miongozo ya Malezi Mbadala ya Watoto, inayosema kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtenga mtoto na wazazi wake, bali uwe ishara kwamba familia inahitaji kusaidiwa. Huko England, Sheria ya Watoto ya 1989 ilikwisha kuweka njia mbili: kifungu cha 17 cha kumhudumia mtoto mwenye uhitaji, na kifungu cha 47 cha kuchunguza pale madhara makubwa yanaposhukiwa. Hata hivyo, njia mbili za kwenye karatasi hazitoshi. Tathmini huru iliyoongozwa na Josh MacAlister, iliyotolewa mwaka 2022, ilitaka mfumo huo urudishwe kwenye msaada wa mapema kwa familia.

Kwetu, anayepokea taarifa, awe kwenye simu ya msaada kwa mtoto, namba 116, au ofisi ya kata, aanze na maswali matatu. Je, mtoto yuko hatarini leo? Je, yupo mwenye uwezo anayemnyima haki yake? Au kinachokosekana ni uwezo wenyewe? Hatari ya leo iende mara moja Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Anayenyima aitwe, na ikibidi ashitakiwe. Palipokosekana uwezo, afisa ndiye aende nyumbani, tena asiende mikono mitupu.

Hapo ndipo penye ugumu. Kifungu cha 94 cha Sheria ya Mtoto kinaitaka mamlaka ya serikali za mitaa iweke rejista ya watoto walio katika mazingira hatarishi zaidi na iwasaidie kila inapowezekana. Bila fungu la fedha, rejista hubaki orodha ya majina. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) nao huibua walengwa kwa vipindi; kaya inayoanguka katikati, baba ameondoka au mama ameugua, husubiri. Kila halmashauri inahitaji fungu dogo la dharura ambalo afisa ustawi anaweza kulitoa kwa taarifa aliyoithibitisha, bila kungoja awamu ijayo.

Wapo watakaosema kwamba kwa utaratibu huu umaskini utageuzwa kichaka cha kujifichia. Hoja hiyo ina uzito: mzazi anaweza kuwa maskini na pia mkatili, na ndiyo maana swali la hatari linatangulia. Kwa wazazi wengine, msaada wenyewe ndio kipimo. Mzazi akipewa unga, daftari na mahali pa kumwacha mtoto anapokwenda kibaruani, kisha mtoto bado akaachwa na njaa, afisa atakuwa na ushahidi ambao wito peke yake usingempa: uwezo ulikuwepo, ukakataliwa. Hapo sheria ichukue mkondo wake bila huruma. Kabla ya hapo, kumwita mzazi mtelekezaji ni kutoa hukumu bila kusikiliza shauri.